Kadi Isiyosubiri Ijumaa

"Kama hajachoma sindano tangu Jumatatu asubuhi," daktari alisema kwenye simu, "basi usinipigie tena kuniuliza amebakiwa na muda gani. Mtafute."

Inspekta alirudisha simu mfukoni akapanda ngazi. Ilikuwa saa nne na robo, Jumatano. Jana kutwa na leo tangu alfajiri alikuwa kituo cha mabasi, akimwonyesha kila utingo na kila mkata tiketi picha ya mzee mwembamba mwenye miwani, na wote walimjibu kwamba hawajamwona. Mmoja tu alidai amemwona. Inspekta alipiga simu kwenye vituo vitatu vya mbali kabla haijagundulika kwamba yule bwana alikuwa anamzungumzia mjomba wake mwenyewe. Nusura amzabe kibao.

Ofisi ya kamusi ilikuwa vyumba viwili ghorofa ya tatu, juu ya duka la matairi, na harufu ya mpira ilifika hadi huko bila kukaribishwa. Mke wa aliyepotea alikuwa ametangulia kufika. Alikaa kwenye kiti cha mumewe, mbele ya meza ya mumewe, na mapajani amepakata kikasha cha plastiki chenye barafu. Dawa yake ya kisukari ilikuwa ndani ya kikasha.

"Umempata?"

"Bado, mama."

"Umetoka wapi?"

"Kituo cha mabasi."

"Mpaka leo uko kituo cha mabasi!" Alisema kwa sauti ya chini, na Inspekta angependelea apige kelele. "Nilikuambia jana, afande. Nikakuambia mara mbili. Mume wangu hasafiri bila dawa. Miaka ishirini na sita nimeishi naye. Siku aliyofiwa na mama yake alilia huku anafunga dawa kwenye taulo. Dawa yenyewe hii hapa, nimeikuta kwenye friji alipoiacha. Sasa kasafirije?"

Jana Inspekta alikuwa na jibu la swali hilo, tena alilitoa kwa kujiamini. Leo alilipapasa tu. Jibu lilikuwa kwenye mfuko wa shati lake, ndani ya nailoni: kadi moja, ukubwa wa kiganja, ambayo mhariri mkuu alimkabidhi jana asubuhi. Ilikuwa na tarehe ya Jumatatu, na ilisema kwamba mzee alikuwa kituo cha mabasi mchana huo, akamsikia utingo akiwaambia abiria kwamba basi linaondoka saa kumi. Mhariri mkuu alieleza kwamba mzee alipita ofisini mara moja, akaiacha kadi, akatoka tena na begi. Kwa hiyo polisi wote waliopatikana walimwagwa kwenye mabasi.

Mzee mwenyewe alikuwa anaitwa Mwalimu na kila mtu, ingawa chaki aliitupa zamani. Kazi yake kwa miaka kumi na moja ilikuwa kutembea mjini akisikiliza watu wanavyotumia neno moja la Kiingereza. Neno lilikuwa "set". Inspekta alipoambiwa hivyo jana alidhani anachezewa shere.

"Nioneshe anavyofanya kazi," alimwambia karani wa kadi. "Kila kitu, kuanzia mwanzo."

Karani alikuwa mama wa makamo mwenye miwani iliyofungwa kamba shingoni, na alionekana hajalala siku mbili. Alivuta droo ndefu ya mbao, akaiweka juu ya meza kwa mikono miwili.

"Mia nne na kumi na tano," alisema. "Zote za neno hilo moja."

"La herufi tatu?"

"Herufi tatu, maana hamsini na nane. Tulipoanza mimi sikuwa na mvi hata moja."

Inspekta alianza kuzipekua. Kila kadi ilieleza sentensi iliyosikika, kazi ya aliyeisema, mahali na tarehe. Msusi saluni, akimkataza mteja kutoka chini ya mashine kabla nywele hazijashika. Fundi ujenzi, akifukuza watu wasikanyage zege mpaka ligande. Daktari wa mifupa, baada ya kuunga mkono wa mtoto. Refa wa mpira wa wavu, raundi ya pili. Muuza vyombo na sahani zake sita na vikombe sita. Mtu wa mitego ya panya. Mwenye hoteli akimkaripia mhudumu kwa sababu meza hazijaandaliwa. Wote hao walikuwa wametumia neno lilelile, na mzee alikuwa amesimama karibu na kila mmoja wao, kalamu mkononi.

"Simu yake je?"

"Anaiacha kwenye droo. Anasema simu ikilia, watu wanakumbuka kwamba yupo, na wakikumbuka wanaanza kuongea kama vitabu."

"Mwandiko huu ni wake?"

"Wa wote, afande. Herufi kubwa, kalamu nyeusi, ndiyo sheria ya hapa. Mimi naandika hivyo, Mwalimu hivyo, bosi hivyo. Hutajua nani ni nani."

Hiyo nayo ilikuwa habari mbaya. Jana Inspekta alilinganisha mwandiko wa kadi yake na kadi nyingine tano na kuridhika kabisa. Alijiona mjinga, na hakuwa na nafasi ya kukaa na ujinga wake. Akaendelea kupekua. Mke wa Mwalimu alimwangalia vidole.

"Unasoma taratibu sana," mama alisema.

"Najua, mama. Nivumilie."

"Mimi naweza kukuvumilia. Huko aliko yeye, ndiyo sijui."

Nyuma kabisa ya droo kulikuwa na kipande cha boksi kinachotenga kadi za mwisho, na nyuma yake kadi nne tu. Tatu zilikuwa za Jumamosi na Jumapili. Ya nne ilikuwa ya jana.

"Hii ya jana ni ya nani?"

"Yangu," karani alisema, akaona haya. "Jirani alisema amesahau kutegesha saa yake ya kengele. Niliandika kabla sijajua ninachofanya. Mkono umezoea."

Inspekta alizipanga zile nne mezani. Kisha akatoa nailoni mfukoni, akaweka kadi yake kuwa ya tano. Herufi kubwa zote, wino mweusi, hakuna tofauti. Aliinama mpaka pua ikakaribia meza. Kadi yake ilikuwa na kitu kimoja ambacho nyingine nne hazikuwa nacho. Kwenye pembe ya juu kulia kulikuwa na namba ndogo, ishirini na tatu, iliyoandikwa kwa penseli.

Alirudi kwenye kadi za zamani mbele ya droo. Kila moja ilikuwa na namba pembeni.

"Namba hizi ni za nini?"

"Za maana. Ishirini na tatu ni kuondoka, kuanza safari. Kumi na moja ni kuganda. Nne ni..."

"Nani anaziandika?"

"Bosi. Anayeleta kadi haruhusiwi kusema ina maana gani, vinginevyo kila mtu atasikia anachotaka kusikia. Unaleta, unanyamaza. Bosi anakaa Ijumaa jioni na penseli yake, anapanga."

"Ijumaa tu?"

"Ijumaa tu. Miaka kumi na moja." Karani alivaa miwani, akaitazama kadi ya nailoni kwa mara ya kwanza tangu ipatikane. Alikunja uso. "Hii umeitoa wapi? Hii haijafika mkononi mwangu. Jumatatu mimi nilikuwa kwa mchapaji kutwa nzima."

"Ni ya Jumatatu," Inspekta alisema.

"Haiwezekani. Ina namba."

Mke wa Mwalimu alisimama. Inspekta alimwashiria akae, na hakukaa.

Mhariri mkuu alikuwa chumba cha pili, mlango wazi. Alikuwa mwanamume nadhifu, shati lina mistari ya pasi, penseli imechomekwa nyuma ya sikio. Jana Inspekta alimwona mtu mwenye ushirikiano. Leo aliona kwamba karatasi iliyokuwa mbele yake tangu Inspekta alipofika haikuwa imegeuzwa.

"Jumatatu Mwalimu alipita hapa saa ngapi?"

"Nilishakueleza. Saa tisa hivi."

"Ukaiona kadi yake?"

"Aliiweka hapo mezani. Nikaja kuisoma Jumanne."

"Ukaipa namba."

Mhariri alipeleka mkono kwenye penseli, akaushusha. "Inawezekana niliipitishia penseli. Nilikuwa na wasiwasi, nikaisoma kama ninavyosoma siku zote. Ni mazoea tu, Inspekta. Hata wewe una mazoea yako."

Lilikuwa jibu zuri. Mtu mwenye wasiwasi anaweza kuandika namba. Karani mwenyewe alikuwa ameandika kadi jana huku roho inamtoka. Penseli peke yake isingemfikisha mbali, na saa ukutani ilikuwa saa tano kasoro kumi.

Alirudi chumba cha kwanza. "Dada," alimwambia karani kwa sauti ya chini, "wiki iliyopita Mwalimu alikuwa anahangaika na nini? Kitu gani kilimnyima usingizi?"

"Ya hamsini na nane." Karani hakufikiri hata kidogo. "Kila maana lazima iwe na kadi tatu, kutoka kwa watu watatu au maandishi. Ya mwisho ina mbili. Mwalimu alisema iachwe. Bosi akasema haiachwi, itafika."

"Kwa mchapaji ulipeleka nini?"

Karani alifungua kabati, akatoa karatasi ndefu za mchapaji, akaweka kidole karibu na chini. Inspekta alisoma maana ya hamsini na nane: fremu ya magogo inayozuia paa la handaki lisianguke. Mbele yake kulikuwa na alama tatu ndogo, ishara ya kadi tatu.

"Tatu," Inspekta alisema.

"Niliuliza. Akaniambia Mwalimu ataileta ya tatu Jumatatu, nipeleke tu, mashine inaanza Ijumaa."

"Nipe hizo mbili."

Kadi ya kwanza ilitoka kwa mhandisi aliyestaafu. Ya pili ilitoka kwa seremala mmoja mzee, na hiyo Inspekta aliisoma mara mbili. Seremala alikuwa amefanya kazi kwenye machimbo ya chokaa yaliyofungwa, barabara ya zamani ya reli. Chini ya sentensi yake Mwalimu alikuwa ameongeza mstari mmoja: anasema kila fremu huko chini ilipakwa rangi neno hilo na namba yake, na maandishi bado yapo.

"Sajini!" Inspekta aliita, na sauti yake ikafika mpaka kwenye matairi. "Washa gari!"

Ndipo mhariri mkuu alipotokea mlangoni. Uso ulikuwa umemshuka.

"Ilikuwa ajali," alisema.

Mke wa Mwalimu alimsogelea taratibu, kikasha kifuani, mpaka mhariri akalazimika kuegemea fremu ya mlango.

"Shemeji," mhariri alisema, "ilikuwa ngazi. Ngazi ya mbao, ya zamani. Nilimshikia tochi. Kipago kikakatika. Nilimwita, Mungu ni shahidi yangu, nilimwita mara mbili. Hakuitika. Nikajua amekwisha."

"Mara mbili," mama alisema.

"Pale pamepigwa marufuku kuingia. Ningesema, wangefunga ofisi. Miaka kumi na moja, shemeji, na zilikuwa zimebaki siku nne. Nikasema kama amekwisha, amekwisha, sitamrudisha..."

"Ulishuka ukamgusa?" Inspekta aliuliza.

"Ngazi ilikuwa imekatika."

"Ulishuka?"

"Hapana."

"Basi ulijuaje?"

Mtu aliyedai ushahidi wa watu watatu kabla ya kukubali maana ya neno alikuwa ameridhika na kimya kimoja tu kumzika mwenzake. Inspekta alimfunga pingu kwa hasira, akamsukuma mbele kwenye ngazi. Hakujali kama alikuwa anamsukuma zaidi ya ilivyolazimu.

Walitumia dakika arobaini barabarani, king'ora kikilia. Sajini alipiga simu zimamoto, wakasema wako upande mwingine wa mji na wanageuza gari. Alimpigia daktari, akasema anatoka na gari la wagonjwa. Mke wa Mwalimu alikaa nyuma, mhariri upande wa pili wa kiti hichohicho kwa sababu hapakuwa na gari jingine. Njia nzima hakumtazama. Alihesabu saa kwa vidole, kwa sauti, kuanzia Jumatatu asubuhi, akifika mwisho anaanza upya.

Machimbo yalikuwa uwanja mweupe wa vumbi na nyasi kavu, lango limefungwa kwa mnyororo ambao yeyote angeweza kupenya chini yake. Mlinzi mmoja alitoka kwenye kibanda cha mabati, akifunga vifungo vya koti.

"Kuna mtu ameingia hapa Jumatatu?" Inspekta aliuliza kabla hajashuka vizuri.

"Mimi nimeanza zamu jana, afande. Sijaona mtu."

"Umesikia chochote?"

"Kusikia, nimesikia. Mafundi wanagonga huko kwenye mashimo. Wamegonga jana kutwa, na leo tena."

"Mafundi gani? Hapa pamefungwa miaka ishirini."

Mlinzi alimtazama yeye, akamtazama mama aliyeshuka na kikasha, na akaanza kuelewa. Mikono ikaacha vifungo.

"Nilidhani wametumwa," alisema. "Walikuwa wanagonga jiwe kwa jiwe. Mara tatu, wananyamaza, mara tatu tena. Mimi nikasema hawa watu hawana haraka na kazi yao."

"Wameacha lini?"

"Leo. Saa tatu. Ilikuwa inapata saa tatu na nusu."

Saa tatu na nusu Inspekta alikuwa kituo cha mabasi, akimsikiliza mtu anasimulia habari za mjomba wake. Alimwamuru mlinzi aonyeshe ni shimo lipi, kisha abaki na mhariri garini. Alichukua ngazi ya chuma iliyoegemezwa kwenye kibanda, sajini akashika upande wa pili, wakakimbia. Mama alikuwa mbele yao, viatu ameviacha njiani.

Mdomo wa shimo ulikuwa ndani ya handaki, hatua kama thelathini kutoka kwenye mwanga. Baridi iliwapokea palepale. Ngazi ya mbao ilining'inia nusu, na vipago vilivyobaki vilikuwa vimeoza. Mama alipiga magoti ukingoni.

"Baba watoto!" aliita. "Nimekuja! Dawa ninayo!"

Sauti yake ilishuka na kurudi. Aliita tena. Aliita mara nyingi, na kila baada ya kuita aliziba mdomo kwa kiganja ili asikilize.

Ngazi ya chuma ilifika chini kwa taabu. Inspekta alishuka wa kwanza, tochi kwenye meno. Ilikuwa kama mita sita. Chini kulikuwa na vumbi jeupe, na juu yake alama ndefu ya mtu aliyejiburuta kwa viwiko kutoka kwenye ngazi hadi ukutani, mguu mmoja ukimfuata. Neno lenyewe lilikuwa pale, limepakwa rangi kwenye gogo, herufi tatu na namba kumi na nne. Hakulitazama mara ya pili.

Mwalimu alikuwa ameketi chini ya gogo hilo, mgongo ukutani, miwani machoni. Mkononi alishika jiwe. Lingine lilikuwa limemdondoka karibu na goti.

Inspekta aliweka vidole shingoni. Shingo ilikuwa baridi. Aliingiza mkono ndani ya shati, kwapani, na huko akakuta joto, dogo lakini la kweli. Akarudisha vidole shingoni. Akabonyeza zaidi. Akamwekea shavu puani. Akahesabu hadi sitini, akabadilisha upande, akahesabu tena. Sajini alikuwa ameshafika chini, amesimama nyuma yake, na alivua kofia. Inspekta alimtazama kwa chuki mpaka sajini akairudisha kichwani.

"Mmempata?" Mama aliita kutoka juu.

"Tumempata, mama."

"Ana joto?"

Inspekta alikuwa bado na kiganja chake ndani ya shati la Mwalimu. "Ana joto," alisema.

"Alhamdulillahi! Nashusha dawa. Nishushe dawa? Anapumua?"

Inspekta alitoa mkono wake, akafunga vifungo vya shati la mzee kimoja kimoja, mpaka cha juu.

"Afande. Nimekuuliza, anapumua?"

"Nakuja huko juu, mama."

"Sijakuita uje. Nimekuuliza kitu kimoja."

Inspekta alishika ngazi, akaweka mguu kwenye kipago cha kwanza. Chuma kililia, na huko juu akamsikia mama akiinama zaidi ukingoni, vijiwe vikadondoka.

"Usipande!" alipiga ukelele. "Usije huku, afande, nakuomba! Usije kuniambia chochote! Kaa naye hukohuko mpaka apumue!"

Inspekta aliteremsha mguu. Akarudi, akaketi vumbini ubavuni mwa Mwalimu.